Mnyama Asiye na Mfupa: Sura Yake Hupatikana Wapi?

Picha hizi huzunguka WhatsApp kila baada ya muda: mnyama mwenye macho matano na mkonga mbele ya uso, au mdudu anayetembea juu ya miiba mirefu, na chini yake maelezo kwamba aliishi miaka milioni 500 iliyopita. Kwenye kundi lolote la Nairobi majibu huwa ya namna mbili. Kuna anayeisambaza kana kwamba imepigwa jana, na kuna anayeuliza, tena kwa haki kabisa, "Kwani mlikuwepo?" Akiambiwa kwamba mnyama huyo hakuwa na mfupa hata mmoja, shaka yake huongezeka. Kama mifupa ndiyo hubaki, huyu mmemwonea wapi?

Jibu lipo, na linaanzia kwenye kuoza. Anayetaka kujua mnyama laini alikuwaje akiwa hai hana budi kujua kwanza alioza vipi, kwa sababu mengi yanayoonekana kwenye jiwe yalifanyika siku au wiki chache baada ya kifo.

Tuweke maneno sawa kwanza. Kisukuku ni mabaki au alama ya kiumbe cha kale iliyohifadhiwa ndani ya mwamba: mfupa uliogeuka jiwe, ganda, unyayo, au utando wa kaboni mwembamba kuliko karatasi. Mnyama wa mwili laini ni yule asiye na mifupa wala ganda gumu la madini, kama vile minyoo, yavuyavu na jongoo bahari. Kumuunda upya ni kutoka kwenye alama iliyo jiweni hadi kufikia mchoro au sanamu ya mnyama mzima.

Sisi Wakenya tumezoea visukuku vya mifupa. Kijana wa Turkana, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 huko Nariokotome, ana umri wa takriban miaka milioni 1.5, na mifupa yake imehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa hapa Nairobi. Mfupa wa kushoto ukikosekana, wa kulia hutoa kipimo. Mbavu zikipungua, binadamu wa leo na sokwe wapo wa kulinganisha nao. Mnyama laini wa miaka milioni 500 hana fadhila hizo. Mara nyingi hana hata jamaa wa karibu aliye hai.

Kuoza kuna ratiba yake

Mnyama akifa, vimeng'enya vya seli zake mwenyewe huanza kumvunja kutoka ndani. Bakteria wa tumboni, waliokuwa wamedhibitiwa alipokuwa hai, hupenya kuta za utumbo na kusambaa mwilini. Gesi hujaa, ngozi hupasuka, majimaji hutoka. Konokono asiye na ganda akiachwa kwenye mtungi wa maji katika joto la kawaida, hachukui muda mrefu kabla ya kupoteza umbo linalotambulika.

Lakini sehemu za mwili haziozi kwa pamoja. Tishu zenye maji mengi hutangulia. Sehemu zenye kaitini, ile dutu ngumu iliyo kwenye mabawa ya mende na miguu ya panzi, huchelewa. Meno, kucha na miiba huwa za mwisho. Kwa hiyo mwamba mara nyingi hupokea vipande vigumu vilivyokwisha kuachana, huku nyama iliyoviunganisha ikiwa imeyeyuka zamani.

Ili mwili laini uhifadhiwe, kitu lazima kiikatize ratiba hiyo mapema. Njia ya kwanza ni tope laini sana linaloporomoka na kumfunika mnyama kwa ghafla, mahali ambapo oksijeni ni haba. Ndivyo inavyodhaniwa ilivyotokea Burgess Shale, kwenye milima ya British Columbia nchini Kanada, ambako Charles Walcott alianza kukusanya visukuku mwaka 1909 na hatimaye akapata zaidi ya 60,000. Mwamba huo una umri wa takriban miaka milioni 508. Njia ya pili ni madini. Fosfati au madini mengine yanaweza kuchukua nafasi ya misuli haraka kiasi cha kunakili hata nyuzi zake, na wakati mwingine bakteria wenyewe wanaokula mzoga ndio wanaosababisha madini hayo kuganda.

Tunao mfano nyumbani. Kwenye visiwa vya Rusinga na Mfangano, Kaunti ya Homa Bay, kuna viwavi, wadudu na konokono wasio na ganda wa takriban miaka milioni 18 iliyopita, waliohifadhiwa kwa umbo lao kamili. Louis Leakey aliwaeleza mwaka 1952. Volkano ya Kisingiri ilikuwa ikitoa majivu yenye kabonati ya kalsiamu kwa wingi, na majivu ya aina hiyo yakilowa huganda upesi. Watu wengi wanaijua Rusinga kwa fuvu la Proconsul, nyani wa kale, tu, na mimi naona viwavi wale wanastahili sifa zaidi ya wanayopata.

Kwa hiyo ule usemi kwamba mwili laini hauachi kisukuku si kweli. Huacha mara chache, na ukiacha, tatizo huwa ni kukisoma.

Vipuri vya gari moja au vya magari matatu?

Chukulia unatembea Grogan, soko la vipuri vya magari hapa Nairobi. Kibanda cha kwanza unakuta kioo cha pembeni, cha pili bampa, cha tatu usukani. Hujawahi kuona gari maishani mwako. Huwezi kujua kama hivyo ni vipuri vya gari moja au vya magari matatu, wala huwezi kujua kwamba ni vipuri. Ukidhani kila kimoja ni chombo kamili, utaandika majina matatu kwenye daftari lako na hutakuwa umefanya ujinga wowote.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Anomalocaris. Mwaka 1892 Joseph Whiteaves alieleza kisukuku chenye pingili, kimepinda, na miiba upande mmoja. Alikiona kuwa mwili wa kamba wa baharini asiye na kichwa. Mwaka 1911 Walcott alieleza duara la mabamba lenye tundu katikati, akaliita Peytoia na kulihesabu kuwa yavuyavu. Mwaka huohuo akaeleza mwili laini uliobonyea, akauita Laggania, akaona ni aina ya jongoo bahari. Wanyama watatu, majina matatu.

Mwaka 1979 Derek Briggs alipendekeza kwamba yule kamba hakuwa mwili, bali kiungo cha mnyama mkubwa zaidi wa ukoo wa wadudu na kaa. Kisha Harry Whittington, akibandua jiwe tabaka kwa tabaka, akakuta "kamba" wameshikamana na mbele ya mwili laini, na "yavuyavu" yuko palepale kama mdomo. Mwaka 1985 wawili hao walichapisha mnyama mmoja mwenye sehemu zote tatu. Ushahidi unaomaliza ubishi wa namna hii ni wa aina moja tu: sampuli ambamo sehemu bado zimeshikana. Sehemu kukutwa karibu karibu kwenye mwamba hakutoshi, kwa sababu maji husomba mizoga na kuichanganya.

Na bado kulikuwa na kosa. Mwaka 2012 Allison Daley na Jan Bergström walionyesha kwamba mdomo wa Anomalocaris mwenyewe si lile duara nadhifu lenye mabamba manne makubwa. Duara lile ni la Peytoia, ambaye ni jamaa yake, na Laggania ndiye huyo huyo Peytoia. Yaani kwa zaidi ya miaka ishirini kioo cha Probox kilikuwa kimefungwa kwenye Vitz, na michoro ya vitabu ikakinakili hivyo hivyo.

Hapa nigusie imani nyingine inayopendwa, kwamba mtaalamu akipewa jino moja anaweza kukuchorea mnyama mzima. Kwa mamalia kuna ukweli ndani yake, kwa kuwa meno ya mamalia yanajulikana vizuri na jamaa zao wapo hai. Kwa wanyama laini haifanyi kazi. Mwaka 1856 Christian Pander alieleza vijimeno vidogo vinavyoitwa konodonti. Vilipatikana kwa maelfu kwenye miamba ya nchi nyingi, wanajiolojia wakavitumia kupima umri wa miamba, na hakuna aliyejua mwenye meno ni nani. Wengine walisema samaki, wengine minyoo. Mwili wake ulielezwa mwaka 1983, kutoka Granton karibu na Edinburgh: mnyama mwembamba wa sentimita chache, anayefanana na mkunga, mwenye macho makubwa, na vile vijimeno viko kinywani. Ni miaka 127 ya kuwa na meno bila mwili.

Juu ni wapi, mbele ni wapi?

Jiwe likimbana mnyama hadi unene wa utando, mgongo na tumbo hulaliana, utumbo huonekana kupitia ngozi, na miguu ya upande wa pili hufichwa chini. Swali la juu ni wapi, ambalo kwa mbuzi halina maana, hapa linaweza kuchukua miaka.

Hallucigenia ni mnyama wa sentimita chache tu. Mwaka 1977 Simon Conway Morris alimchora akisimama juu ya miiba yake mirefu iliyopangwa kwa jozi, na mgongoni akiwa na safu moja ya vijimkono laini. Kwa sampuli alizokuwa nazo, mchoro ule ulifuata kilichoonekana: miiba ilikuwa jozi, vijimkono vilikuwa safu moja, na mnyama hutembea kwa jozi. Mwaka 1991 Lars Ramsköld na Hou Xianguang, wakitumia visukuku vya jamaa zake kutoka Chengjiang nchini China, walimpindua: vijimkono ndivyo miguu, miiba ni silaha ya mgongoni. Safu ya pili ya miguu ilikuwa bado imo ndani ya jiwe, haijafukuliwa.

Lakini kichwa kilikuwa upande gani? Mwisho mmoja wa mwili ulikuwa na doa kubwa jeusi la mviringo, na wengi walilichukulia kuwa kichwa. Mwaka 2015 Martin Smith na Jean-Bernard Caron walichapisha uchunguzi wao wa hadubini ya elektroni. Doa lile ni majimaji ya mwili yaliyokamuliwa nje mnyama alipofunikwa na tope. Macho mawili madogo na mdomo wenye meno vilikuwa mwisho wa pili. Kilichodhaniwa kichwa kilikuwa majimaji ya mzoga.

Jamaa zake wa leo walijulikana kwa kucha. Mwaka 2014 ilionekana kwamba kila ukucha wa Hallucigenia umejengwa kwa tabaka zilizopachikwa moja ndani ya nyingine, muundo ulio kwenye taya na kucha za onikofora, wanyama laini wenye miguu mifupi wanaoishi kwenye misitu yenye unyevu, wakiwemo wa Afrika Kusini. Alama ndogo ya namna hiyo ina uzito kuliko kufanana kwa umbo la jumla, maana umbo ndilo linalobadilishwa zaidi na kubanwa.

Kisichoonekana

Sehemu hii ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayoachwa na maelezo mengi mtandaoni. Kisukuku kikiwa hakina jicho, je, mnyama hakuwa na jicho au jicho lilioza mapema?

Robert Sansom, Sarah Gabbott na Mark Purnell wa Chuo Kikuu cha Leicester walilijibu kwa kuozesha wanyama kwa makusudi. Walichukua amfioksi, mnyama mdogo wa baharini aliye jamaa wa mbali wa wenye uti wa mgongo, pamoja na lampre, samaki asiye na taya. Waliwaacha waoze ndani ya maji na kuandika kila sehemu ilipotea lini. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2010, ni haya: alama zinazomtambulisha mnyama kuwa wa kundi lililoendelea zaidi ndizo zinazooza kwanza. Zinazobaki ni zile za jumla, ambazo makundi mengi yanazo. Maana yake mzoga unavyozidi kuoza ndivyo unavyofanana na mnyama wa kale zaidi kuliko alivyokuwa. Mtu asiyejua hili atamweka mnyama kwenye tawi la chini la mti wa ukoo, na ushahidi wote wa macho utamuunga mkono.

Wakati mwingine mambo huwa kinyume kabisa. Kwenye mwamba wa Soom, milima ya Cederberg nchini Afrika Kusini, Gabbott alipata mnyama wa takriban miaka milioni 444 iliyopita ambaye misuli, kano na utumbo wake vimehifadhiwa vizuri mno, ilhali kichwa, miguu na gamba la nje havipo. Maji ya chini ya bahari pale hayakuwa na oksijeni na yalikuwa na salfidi nyingi, mazingira yaliyoangamiza cha nje huku madini yakinasa cha ndani. Ilimchukua Gabbott miaka ishirini na mitano kabla ya kumpa mnyama huyo jina rasmi, Keurbos susanae, mwaka 2025. Visukuku karibu vyote vya kumlinganisha navyo vinaonyesha nje, chake kinaonyesha ndani, na hivyo nafasi yake kwenye ukoo bado haijulikani.

Kazi yenyewe mezani

Zana ya kwanza ni taa. Mwanga wa kutoka pembeni, karibu kulala juu ya jiwe, huonyesha mikunjo isiyoonekana kwa mwanga wa juu. Kulowesha jiwe na kutumia kichujio cha mwanga hupunguza mng'ao na kuifanya kaboni ionekane. Jiwe likipasuka, kisukuku hugawanyika pande mbili, na pande zote mbili hutakiwa: sehemu ya mguu inaweza kubaki huku na iliyobaki kule. Nusu moja ikipotea ghalani, nusu ya mnyama imepotea.

Kisha hutafutwa sampuli zilizofunikwa kwa pembe tofauti. Tope linaloporomoka huwaangusha wanyama ovyo; mmoja hulalia tumbo, mwingine ubavu. Kwa kulinganisha hao Whittington aliweza kuthibitisha macho matano na mkonga wa Opabinia, yule wa WhatsApp. Alipomwonyesha kwenye mkutano huko Oxford mwaka 1972 wasikilizaji walicheka. Mchoro ulibaki, kwa sababu macho yalikuwa yanahesabika kwenye jiwe.

Sampuli isiyobanwa ni bahati kubwa. Aegirocassis benmoulai wa Morocco, jamaa wa Anomalocaris, mwenye urefu wa karibu mita mbili, alipewa jina kwa heshima ya Mohamed Ben Moula aliyevumbua visukuku vya eneo la Fezouata. Kwa kuwa hakubonyezwa kuwa bapa, alionyesha mwaka 2015 kwamba kila pingili ina mapezi mawili kila upande, la juu na la chini. Watafiti wakarudi kwa jamaa zake waliobanwa, wakayakuta mapezi yale yale ambayo watu walikuwa wameyapita bila kuyatambua.

Huko Herefordshire, Uingereza, kuna wanyama wa miaka milioni 430 ndani ya vinundu vya mawe ambamo hawawezi kufukuliwa. Hapo kinundu husagwa kidogo kidogo, kila tabaka hupigwa picha, na kompyuta huziunganisha picha kuwa umbo la pande tatu. Mwisho wa kazi kisukuku chenyewe hakipo tena. Ukikosea mpangilio wa picha, hakuna pa kurudi.

Kemia nayo husaidia. Dickinsonia, kiumbe bapa cha miaka milioni 558, alibishaniwa kwa miongo: mnyama, kuvu, au kitu kingine? Mwaka 2018 sampuli kutoka Bahari Nyeupe nchini Urusi zilikutwa na mabaki ya kolesteroli, mafuta yanayoashiria mnyama. Kemia ilisema ni wa kundi gani. Haikusema alikula vipi.

Kwa hiyo mchoro mmoja hubeba vitu vya uzito tofauti. Kuna vilivyoonekana kwenye jiwe, kama macho ya Opabinia. Kuna vilivyokisiwa kutoka kwa jamaa, kwa mfano kwamba Hallucigenia alikuwa na misuli ya miguu. Na kuna vilivyojazwa ili mchoro usiwe na pengo, hasa rangi. Rangi hujulikana mara chache, hasa pale chembe za melanini, dutu inayotia rangi, zikihifadhiwa, kama kwenye wino wa jamaa wa ngisi wa miaka milioni 160 kutoka Uingereza. Zambarau na machungwa unayoyaona kwenye wanyama wa Burgess Shale ni hiari ya mchoraji. Ukikutana na picha, uliza kila sehemu imeonekana kwenye sampuli ngapi, na kama imeshikana na mwili.

Picha za akili unde hazibadilishi lolote hapa. Programu hizo zimejifunza kutoka kwa michoro iliyopo, na michoro ya Hallucigenia anayetembea juu ya miiba bado imejaa mtandaoni. Ngozi iliyochorwa kwa undani inaweza kuwa juu ya mnyama aliyesimama kichwa chini. Na mchoro wa zamani kurekebishwa si dalili ya ulaghai: uligeuzwa kwa sababu ulikuwa umedai jambo linaloweza kupimwa kwenye jiwe.

Ipo kesi ambayo upimaji bado haujaimaliza. Tullimonstrum, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, alipatikana na Francis Tully huko Illinois, Marekani, katika miaka ya 1950. Ana macho kwenye ncha za kijiti kilichokatiza mwili, na mdomo kama koleo kwenye mwisho wa mkonga. Mwaka 2016 makundi mawili ya watafiti yalisema ni mwenye uti wa mgongo. Mwaka uliofuata wengine wakapinga. Mwaka 2023 watafiti wa Japani, wakitumia skana ya leza, walisema pingili zake zinaenea hadi mbele ya macho, jambo lisilojulikana kwa wenye uti wa mgongo. Hoja si uhaba wa sampuli; zipo kwa maelfu. Lakini zote zinatoka Mazon Creek, huko huko Illinois, ndani ya vinundu vya aina moja, kwa hiyo zote ziliozea katika mazingira yale yale, na alama iliyopotea kwenye moja huenda imepotea kwenye zote. Sampuli moja kutoka kwenye mwamba wa aina nyingine, iliyonaswa na madini mengine, ingesaidia kuliko vinundu elfu zaidi vya Illinois.